Breki za Mteja Fulani

4 Februari

Mdogo wangu Injinia,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na mkeo na mwanangu. Sisi huku hatujambo. Mama amepata miwani mipya na sasa anaona kila kitu, jambo lililotuondolea raha nyumbani. Ameona utando wa buibui uliokuwa juu ya kabati tangu marehemu baba yu hai. Ameona kwamba nimeota kitambi. Jana aliona kwamba picha yako ukutani imekaa upande, akaniambia niinyooshe. Nimemwambia mwenyewe ndivyo alivyo.

Shemeji yako anakusalimu. Kazi yake ya ukunga haimpi nafasi. Kutwa anazunguka nyumba za wazazi, na akirudi hataki kuulizwa lolote mpaka amekula.

Usisumbuke kunipigia. Simu yangu ilitumbukia kwenye beseni la mafuta ya taa ninamooshea minyororo. Niliitoa, lakini sikuharakisha.

Sasa la maana. Amenijia dukani mteja fulani na baiskeli yenye hizo breki zenu za diski. Mimi nilidhani ni mzaha. Rimu ipo, nzima, pana, tayari kubanwa na mipira miwili kama baiskeli zote za watu wenye akili, halafu mtu anaiacha anakwenda kutundika kisahani cha chuma katikati ya gurudumu, anakiwekea bana yenye pedi ndogo kama kucha, na waya wa kuivuta. Ndiyo maendeleo mliyotuachia duka kwenda kuyatafuta?

Nimeifungua nikaiangalia. Upande mmoja pedi inasogea, upande wa pili haisogei kabisa. Inaelekea mtengenezaji alichoka katikati ya kazi akaenda zake nyumbani. Sijui huko kwenu watu hufanyaje kitu cha namna hiyo kikilegea. Pengine hukitupa wakanunua kingine. Sisi huku tunatengeneza.

Msalimie mkeo.

Kaka yako.


20 Februari

Kaka Bosi,

Shikamoo. Barua yako imefika ikinuka mafuta ya taa, kwa hiyo hakuna aliyeuliza imetoka wapi. Sisi wazima. Mwanao amejua kusoma na sasa anasoma kwa sauti kila kibao cha barabarani, vyote, hata vya vyoo. Mke wangu anasema amemfuata baba yake mkubwa, maana naye hawezi kukiona kitu bila kukisema. Mwambie mama picha aiache hivyo hivyo, nitakuja kuinyoosha mwenyewe siku ambayo dukani kwako kutakuwa na nafasi ya kusimama watu wawili.

Nimesoma kurasa zako mbili za kutukana chuma kisichoweza kukujibu. Nikazisoma tena nikitafuta swali. Hakuna. Umezunguka baiskeli ile kama mtu anayezunguka nyumba ya mkwe, mlango anauona na kugonga hataki.

Pedi moja haisogei kwa sababu haikukusudiwa kusogea. Fundi yeyote wa hapa, hata yule tunayemweka mlangoni kupokea baiskeli na kuuza kengele, anajua kwa nini. Ninajua na mimi. Nimefunga breki za namna hiyo nyingi kuliko makopo ya mafuta yaliyowahi kuingia humo dukani kwetu.

Mimi nilipotaka tuanze kujifunza vitu hivi, uliniambia mbele ya wateja kwamba nimesoma katalogi nikadhani nimekuwa injinia. Jina likanishika mpaka mama analitumia. Sawa. Basi Injinia ana ofisi sasa, na ofisi ina utaratibu. Ukitaka kujua, uliza. Andika tu kwa mkono wako, “Mdogo wangu, hii inafungwaje?” Nitakujibu siku hiyo hiyo.

Vinginevyo mpe pole mteja.

Mdogo wako.


9 Machi

Mdogo wangu Mkurugenzi,

Marahaba. Hatujambo. Mvua zimeanza, bati la uani linavuja palepale ulipopanda ukaliziba wewe, na kwingine kote ambako hukugusa ni kukavu. Mama anaendelea na ukaguzi wake. Shemeji yako hajambo, isipokuwa siku hizi amekuwa mkali kidogo.

Sikuuliza na siulizi. Breki nimezitengeneza. Waya ulikuwa umelegea, nikaukaza. Mteja akarudi akisema bado, nikaukaza tena. Sasa kishikio ni kigumu kama jiwe, ukikivuta hakisogei hata upana wa kidole. Katika maisha yangu yote, kishikio kigumu ni breki nzuri. Ndivyo baba alivyotufundisha na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika.

Huyu amelalamika. Anasema akishuka kile kilima cha kutoka shule mpaka kwa seremala, baiskeli inapunguza mwendo ikijisikia na isipojisikia haipunguzi. Anasema anafika chini akiburuza viatu. Nimemwambia avute kwa nguvu. Ameniambia anavuta mpaka vidole vinakufa ganzi. Nimemwambia basi tatizo ni vidole. Hapo maneno yalikuwa mengi na sitaki kuyaandika, maana ni mteja mwenye ulimi na hana pa kwenda pengine.

Tope nalo limekuwa jingi na pedi hizo za kucha zinakwisha kama sabuni. Mipira ya rimu ningekuwa nimebadilisha zamani na kusahau. Nakuambia haya ili ujue tu ni takataka gani mnawauzia watu.

Kaka yako.


17 Machi

Kaka,

Shikamoo, na salamu kwa wote nyumbani. Sisi wazima. Bati niliziba mimi, misumari ulipigilia wewe.

Sasa nisikilize, na unisikilize vizuri. Acha kukaza waya.

Hujatengeneza breki, umeificha. Waya unavuta kikono kilicho kwenye ile bana. Kikono kinazunguka, kinasukuma pedi ya nje, pedi inaisukuma diski, diski inapinda kidogo mpaka inaegemea ile pedi ya ndani isiyosogea. Ndiyo breki. Sasa kikono kina mwanzo na mwisho wa safari yake. Pedi zimekwisha, wewe ukakaza waya, kikono kikaanzia katikati ya safari. Zikazidi kwisha, ukakaza tena, kikaanzia karibu na mwisho. Leo mtu akivuta, kikono kinagonga ukuta wa bana yenyewe kabla pedi haijaibana diski sawasawa. Ugumu unaousikia mkononi ni chuma kinachogonga chuma kingine, diski inazunguka kama kawaida. Umempa mtu kishikio kizuri kisichoshika kitu, halafu ukavilaumu vidole vyake.

Huyu mteja asishuke kilima kile mpaka umefanya haya. Nakuandikia bila kuulizwa, kwa sababu yeye hajanikosea.

Legeza waya wote, kikono kirudi nyuma kabisa mpaka kikae chenyewe. Toa pedi uzitazame. Zikiwa nyembamba kama sarafu, weka mpya. Legeza bolti mbili zinazoshika bana, isogee huku na huku. Upande wa ndani, penye spoku, kuna skrubu ya ile pedi isiyosogea. Izungushe mpaka pedi ikaribie diski bila kuigusa. Weka karatasi nyeupe nyuma yake utazame kwa jicho moja: uone mstari mwembamba wa mwanga, na uwe sawa juu na chini. Kaza bolti kwa zamu, hii kidogo na ile kidogo, maana ukiimaliza moja kwanza bana itageuka. Ndipo usogeze pedi ya nje. Waya uwe wa mwisho kabisa, na uukaze kuondoa ulegevu tu. Zungusha gurudumu. Ukisikia inakwaruza mahali pamoja, diski imepinda. Inyooshe kwa vidole, polepole, usiipige nyundo. Najua umeshaifikiria nyundo.

Kazi ya nusu saa. Kwako wewe, kutwa, kwa kuwa utakuwa unabishana na barua.

Mdogo wako.


28 Aprili

Mdogo wangu,

Hatujambo, isipokuwa mmoja. Mama anakusalimu na ameacha kukagua nyumba.

Nimekaa na kalamu hii muda mrefu, kila nikianza naona nitakuandikia maneno ambayo hayafutiki. Basi nitakuandikia yaliyotokea tu.

Barua yako niliibandika ukutani juu ya meza ya kazi, nikaifuata neno kwa neno. Waya nililegeza. Pedi zilikuwa zimekwisha, nikapata mpya. Bolti, skrubu ya ndani, karatasi nyeupe, mstari wa mwanga, vyote. Bolti nilikaza kwa zamu kama ulivyosema. Nyundo sikuigusa. Nikazungusha gurudumu, kimya. Nikavuta kishikio, gurudumu likaganda. Nilifanya ya mbele na ya nyuma. Ilikuwa kazi safi na nilikubali moyoni, ingawa nisingekuambia. Nikaimalizia kama tunavyomaliza kila baiskeli inayotoka mlangoni kwetu, nikaifuta yote kwa kitambaa cha mafuta, rimu, spoku, diski, mpaka ikang'aa, nikaikabidhi.

Asubuhi yake baiskeli ilishuka kilima, haikusimama hata kidogo. Mara hii si kwamba ilipunguza mwendo kwa kujisikia. Hakukuwa na breki. Seremala alikuwa amepanga mbao zake nje, na hapo ndipo iliposimama.

Yule mteja ni shemeji yako. Kliniki iliwapa wakunga baiskeli mwezi wa kwanza, naye kwa kujivunia duka akawaambia wenzake mumewe atazifunga zote. Nilimwambia nazijua. Sikukuambia ni yeye, kwa sababu ungempigia na kumcheka mume wake masikioni mwake.

Mtulinga umevunjika. Mkono umening'inizwa shingoni kwa bendeji. Seremala alikuja mbio kuniita, nikamkuta mke wangu amekaa juu ya mbao, begi la kazi bado mgongoni, amejishika bega. Hakulia. Aliniuliza tu, “Breki zako ziko wapi, fundi?” Watu walikuwa wamejaa.

Sasa ndiyo nakuuliza, na furahi, umepata ulichokitaka. Mimi nilifuata maneno yako yote. Ulibakiza nini? Kuna kitu ulikiacha makusudi ili niharibu nionekane mjinga. Nakujua. Kiandike.

Kaka yako.


5 Mei

Kitambaa.

Ile diski haipakwi mafuta. Haifutwi kwa kitambaa kilichowahi kugusa mafuta. Haishikwi hata kwa vidole vya mtu aliyetoka kushika mnyororo. Kwenye rimu ulikuwa unafuta ukingo, mafuta yakaisha kwa vumbi kabla ya mtu kufika kona. Diski ni ndogo, na pedi zake hunyonya mafuta. Umeifunga breki vizuri kuliko nusu ya watu ninaofanya nao kazi, halafu ukaipaka mafuta.

Pedi hizo zimeyanywa. Usizioshe, usizichome, usizipige msasa, zitupe, na uzitupe mahali ambapo huwezi kubadili mawazo. Natuma nyingine kwa basi pamoja na barua hii, jozi sita, za baiskeli yake na akiba. Diski zioshe kwa spiriti na kitambaa kipya, kipya cha dukani, kisha zioshe tena. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa pedi. Zifunge kama nilivyoandika. Halafu kwenye tambarare, endesha, vuta breki mpaka karibu usimame, achia, endesha tena. Rudia mpaka usikie zinaanza kuuma. Pedi mpya hazishiki vizuri kabla ya hapo.

Zile za wakunga wengine ulizifunga? Ulizifuta? Nenda leo. Usingoje kumaliza kusoma.

Hilo la kitambaa sikuliandika. Sikuliacha makusudi. Hapa hakuna anayefuta baiskeli kwa mafuta, na mimi nimesahau kwamba sisi tulikuwa tunafuta. Nimefuta kwa kitambaa hicho tangu sijafika urefu wa tandiko.

Nimempigia shemeji mara nyingi, hapokei.


1 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako ya mwisho haikuwa na salamu, hata “shikamoo” haikuwamo. Mama ameisoma kwa miwani yake na kuuliza kama huko mjini salamu zinauzwa. Nimekutetea, kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Hatujambo. Mtulinga unaunga vizuri, daktari ameridhika, mgonjwa hajaridhika. Anaweza kuvaa nguo mwenyewe na anaweza kunyoosha kidole kuonyesha kisichofanyika, kwa hiyo mama sasa ana mwenzake.

Simu yako shemeji yako hapokei kwa kusudi. Alisema, “Fundi mmoja ndani ya nyumba ananitosha. Wa pili abaki kwenye bahasha.”

Za wakunga wengine zilikuwa mbili. Nilikuwa nimezifunga lakini mwenye moja alikuwa likizo, na ya pili nilimkuta mwenyewe ameshaacha kuipanda, anasema aliona yaliyompata mwenzake. Nimezirudia zote. Ile ya shemeji yako nimeifunga kwa pedi zako, spiriti, kitambaa kipya, sabuni, kila kitu. Niliizungusha uwanja wa shule mpaka watoto wakaanza kunihesabia. Zimeuma. Sipendi kusema, lakini zinauma kuliko mpira wowote niliowahi kufunga.

Nikamletea mlangoni. Nikamwambia, “Iko tayari, ukipona utapanda.”

Akaniangalia. “Nani kasema iko tayari?”

“Mimi.”

“Na ile ya kwanza nani alisema?”

Nikainama kukagua pedi tena.

“Tangulia wewe,” akasema.

Mimi sijapanda baiskeli kushuka kilima kile tangu nilipooa. Nina kitambi, nina goti, na tandiko lilikuwa la urefu wake. Nikamwambia nitalipandisha kwanza. Akasema, “Mimi nilipata muda wa kupandisha chochote?” Tukaenda mpaka shuleni, yeye mbele na mkono wake shingoni, mimi nyuma nasukuma baiskeli, na watu wa mtaa huu huwa hawana kazi siku za namna hiyo. Seremala alianza kuingiza mbao ndani bila kuambiwa.

Nilishuka. Sitakuandikia nilijisikiaje, hilo halikuhusu. Nilivuta breki kwenye kona, ikashika. Nikaiachia makusudi mpaka karibu na mwisho, kwa kuwa nilijua anatazama, kisha nikavuta zote mbili. Gurudumu la mbele lilisimama palepale na mimi nikabaki nimeinama juu ya usukani, mguu mmoja chini, mlango wa seremala mbele ya pua. Seremala akasema, “Leo baiskeli hii imebisha hodi kama mtu.”

Nikapanda kilima kwa miguu, nimefurahi kama mjinga. Nikamwambia, “Umeona?”

Akasema ameona nusu.

Sasa sikiliza, maana maneno yanayofuata ni yake na amesimama nyuma ya kiti changu kuhakikisha. Barua zako zote amezisoma. Nilikuwa nimeziacha ukutani, zile za kwanza na za mwisho. Amesoma ile ya Februari uliyosema utanijibu nikikuomba, akasoma tena. Akaniuliza nilikujibu nini, nikamwambia. Kisha akasema, “Ninyi wawili mngenizika huku mnachekana juu ya nani anajua zaidi.” Nilitaka kusema neno, akaniambia niandike kwanza nitabishana baadaye.

Anasema hatapanda baiskeli ile. Hakatai kwa woga, kazi anaitaka na wazazi wanamngoja. Anasema breki zile zimefungwa na watu wawili, mmoja kwa spana na mmoja kwa kalamu, na mpaka sasa ameteremka mmoja. Akiteremka na wa pili, kwenye kilima kile kile, tandiko likiwa hapo hapo lilipo, yeye atafuata. Asipoteremka, atatembea kwa miguu nyumba kwa nyumba mpaka astaafu, na kila atakayemuuliza kwa nini anatembea atamtajia jina lako na langu.

Nimemwambia una kazi, huwezi kusafiri kwa ajili ya kushuka kilima. Amesema daktari amempa wiki nyingine tatu na basi linapita kila siku.

Basi ndiyo hivyo. Sikuombi, ni yeye. Ukija usilete maelezo, tumeyapata ya kutosha. Lete suruali nzito. Mbao seremala amezirudisha nje.

Kaka yako.